Fuvu la Kabwe Lina Wenyewe

Ndugu msomaji, leo tunakuomba radhi tukutoe Pwani tukupeleke bara ya mbali, nchi ya Zambia, katika mji wa Kabwe ulioko kaskazini ya Lusaka. Tunakwenda huko kwa sababu ya kichwa cha mtu. Kichwa hicho kilitolewa Kabwe mwaka 1921, kikapelekwa London, na huko kimekaa zaidi ya miaka mia moja. Wazambia wanakidai tangu 1972. Kila wakidai hupewa maneno mazuri, na kichwa hubaki pale pale.

Habari hii tuliizungumza barazani siku moja baada ya sala ya alasiri, na mzee mmoja ambaye si mtu wa maneno mengi akatukatiza. "Hebu nambia, mwanangu," akauliza, "kitwa hiko ni cha mtu au ni cha mnyama?" Nikamjibu kwamba wataalamu wote wanasema ni cha mtu, ingawa si mtu wa namna yetu hasa, bali ni wa jamii ya watu iliyokwisha zamani za kale. Akanyamaza kidogo. "Basi kama ni cha mtu, kina wenyewe," akasema, kisha akarudia kahawa yake.

Maneno hayo yametukaa moyoni, nasi tumeona tuyatafutie ushahidi.

Mwaka 1921 Kabwe ilikuwa ikiitwa Broken Hill, jina lililochukuliwa kwenye mgodi wa Australia na kubandikwa Afrika. Nchi nzima iliitwa Rhodesia ya Kaskazini kwa jina la Cecil Rhodes, na waliokuwa wakiitawala hawakuwa hata serikali ya Uingereza, bali ni kampuni ya biashara aliyoiasisi Rhodes huyo. Serikali haikuipokea nchi mikononi mwa kampuni mpaka 1924. Pale Broken Hill palikuwa na vilima vyenye madini ya risasi na zinki, na ndani ya kilima kimoja mlikuwa na pango lililojaa mifupa ya wanyama. Mifupa ile ilikuwa imekunywa madini kwa muda mrefu hata ikawa mizito kama mawe. Wachimbaji hawakuwa na haja ya mifupa. Ilichimbuliwa pamoja na kifusi, na mingi ikapotea bila ya kutazamwa na mtu yeyote mwenye ujuzi nayo.

Tarehe 17 Juni 1921 mchimbaji Mswisi, jina lake Tom Zwiglaar, alikuwa kazini katika pango hilo pamoja na mfanyakazi Mwafrika. Wakafukua, na mara wakaona fuvu la kichwa. Jina la Zwiglaar limo katika kila kitabu kinachoeleza habari hii. Jina la yule Mwafrika halikuandikwa popote, wala hakuna aliyeona haja ya kumwuliza.

Fuvu lenyewe ni la kushangaza. Ni zima karibu lote isipokuwa taya la chini, ambalo halikuonekana. Uso wake ni mkubwa, paji limelala kinyumenyume, na juu ya matundu ya macho pana kingo mbili za mfupa, nene ajabu, kama ukuta mdogo uliojengwa juu ya dirisha. Mtu akilitazama mara ya kwanza atasema huyu ni nyani. Lakini ukipima nafasi ya ubongo utakuta inafika karibu sentimita za ujazo 1,300, kiasi ambacho hakiko mbali na chetu sisi. Tena pale pale Broken Hill ulipatikana mfupa wa muundi, nao unaonyesha mtu aliyesimama wima kwa miguu miwili, mrefu na mwenye mwili wa nguvu. Si nyani huyo.

Kilichotugusa zaidi ni meno. Meno kumi ya taya la juu yameliwa na uozo. Kila aliyewahi kukesha na jino bovu, akatia karafuu na bado akaona alfajiri haifiki, atafahamu tunasema nini. Huenda hayo meno ndiyo yaliyomwua. Tena upande wa kushoto wa kichwa, karibu na sikio, pana tundu dogo la mviringo. Wako waliozua kwamba ati ni tundu la risasi ya bunduki, wakajazia vitabu vya porojo. Kingo za tundu hilo zinaonyesha mfupa uliokwisha kuanza kupona, na wataalamu walioliangalia wanaona ni alama ya maradhi. Alikuwa mgonjwa, basi, na aliishi na ugonjwa wake kwa muda.

Tunajua wako wasomaji watakaokunja nyuso. Watasema: wewe uliyekalia jamvi la chuo, ukahitimu juzuu zako mbele ya mwalimu, leo watuletea habari za watu wa mapangoni? Jawabu yetu ni kwamba mjadala wa Nabii Adam na mifupa ya kale una mahali pake na una wanavyuoni wake, nasi hatukukusudia kuingia humo kwa kalamu ya gazeti. Mfupa uko, umepimwa, na haukanushiki. Sisi tunazungumzia heshima yake na mahali pake pa kukaa. Katika mambo hayo tulifunzwa mapema, kabla hatujajua kusoma gazeti, kwamba mfupa wa maiti una heshima kama mfupa wa aliye hai, na kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Kampuni ya mgodi ililitoa fuvu kwa British Museum mwaka huo huo wa 1921. Vitabu husema lilitolewa "zawadi". Hapa ndipo mtu anapotaka kuuliza kidogo. Zawadi hutolewa na mwenye mali. Kampuni iliruhusiwa kuchimba risasi na zinki, na ruhusa hiyo yenyewe aliitoa nani ni swali jingine, lakini ni nani aliyewauzia wao watu waliokufa ndani ya kilima? Zambia inashikilia zaidi ya hayo. Inasema ilikuwako sheria ya mwaka 1912, iliyotungwa na wakoloni wenyewe, iliyokataza kuondoa mabaki ya kale katika nchi bila ya idhini, na kwamba fuvu lilipakiwa bila ya idhini hiyo. Ikiwa ni hivyo, basi hata kwa sheria ya mkoloni mwenyewe zawadi ile haikusihi.

London ililipokea kwa mikono miwili. Mnamo Novemba 1921 mtaalamu mkubwa wa Makumbusho, Arthur Smith Woodward, aliandika habari zake na kulipa jina la Kilatini, Homo rhodesiensis, yaani mtu wa Rhodesia. Mtu aliyeishi maelfu ya miaka kabla ya Rhodes kuzaliwa akawa ameitwa kwa jina la Rhodes! Waama, mwenye kalamu ndiye mwenye jina.

Smith Woodward huyo huyo ana kisa ambacho hatuwezi kukipita. Mwaka 1912 yeye na mwenzake Charles Dawson waliutangazia ulimwengu kwamba wamepata Uingereza, mahali paitwapo Piltdown, mabaki ya mtu wa kale kabisa mwenye ubongo mkubwa. Waingereza wakafurahi kwamba mzee wa wanadamu ametoka kwao. Kwa muda wa miaka 40 vitabu vikafundisha hivyo. Mwaka 1953 ikadhihirika kwamba kilikuwa kitu cha kughushi: fuvu la mtu wa kawaida lililounganishwa na taya la orangutani, meno yakapigwa tupa na mifupa ikatiwa rangi ionekane ya kale. Fuvu la Afrika, ambalo ni la kweli, lilikuwa katika jengo lile lile muda wote huo, na halikupata hata robo ya heshima liliyopewa lile la uongo. Fuvu la Kabwe lilikuwa la kwanza la mtu wa kale wa namna hiyo kutambuliwa katika bara letu. Fuvu mashuhuri la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, lilikuja baadaye, 1924.

Na ni la kale kiasi gani? Hapo wataalamu walitaabika sana, kwani pango lilikwisha kuchimbwa na kilima chenyewe kikatoweka, hapakubaki udongo wa kupima. Kwa muda mrefu walikisia miaka 500,000. Mwaka 2020 Rainer Grün wa Australia na Chris Stringer wa London, pamoja na wenzao, walitoa hesabu iliyopatikana kwa kulipima fuvu lenyewe: miaka 299,000, ikizidi au ikipungua kwa 25,000.

Hesabu hiyo imebadili nasaba nzima. Kabla yake wengi walimhesabu mtu wa Kabwe kuwa ni babu yetu, yaani jamii yake ndiyo iliyokuja kugeuka kuwa jamii yetu. Lakini mwaka 2017 ilitangazwa habari ya mifupa ya Jebel Irhoud, Morocco, yenye umri wa miaka kama 300,000, na nyuso za watu wale zinafanana na zetu. Kusini kabisa, katika mapango ya Afrika Kusini, wakati huo huo waliishi watu wadogo walioitwa Homo naledi. Kwa hiyo Afrika ya wakati ule ilikuwa na watu wa namna mbalimbali kwa pamoja, na yule wa Kabwe, aliyekuwa babu, sasa aelekea kuwa ami: si katika mstari wetu wenyewe, lakini wa ukoo ule ule. Jina lake la Kilatini pia linatikisika. Wako wanaomtia katika kundi la Homo heidelbergensis, lililopewa jina kwa taya lililopatikana Ujerumani mwaka 1907. Mwaka 2021 Mirjana Roksandic wa Kanada na wenzake walishauri jina la Rhodes litupwe kabisa na watu wa kundi hili Afrika waitwe Homo bodoensis, kwa ajili ya Bodo huko Uhabeshi ambako fuvu la namna hiyo lilipatikana mwaka 1976. Si wataalamu wote waliokubali. Sisi tunaona yafaa kukumbusha tu kwamba hata katika kumwondolea jina la Rhodes, hakuna aliyependekeza aitwe mtu wa Kabwe.

Sasa tufike kwenye sheria, maana ndiyo ngao ya London kila Zambia ikibisha hodi. Sheria ya British Museum ya 1963 inawakataza wadhamini kuvitoa vitu vilivyomo katika hazina yao ila kwa sababu chache mno. Sheria hiyo ndiyo iliyotenga Makumbusho ya Historia ya Asili, lilimo fuvu, yakawa na wadhamini wake. Na wadhamini hao nao wakafungwa kamba ile ile. Ukiwaambia rudisheni, wanajibu: tungependa, lakini sheria haituruhusu.

Mwaka 2004 Bunge la Uingereza lililegeza kamba hiyo kidogo. Lilipitisha sheria ya viungo vya binadamu, na kifungu cha 47 kikayapa baadhi ya majumba ya makumbusho, likiwamo hili, ruhusa ya kurudisha mabaki ya wanadamu. Nayo yakarudishwa. Mwaka 2007 mabaki ya watu 17 wa Tasmania yalitoka London yakaenda kwao, na mwaka 2011 jumba hilo lilikubali kurudisha mabaki ya watu 138 wa visiwa vya Torres Strait. Tunawasifu kwa hilo, kwani jambo jema husifiwa hata likichelewa. Lakini ruhusa yenyewe imewekewa mpaka. Inawahusu tu wale waliokufa katika muda usiozidi miaka 1,000. Mtu wa Kabwe ameupita mpaka huo kwa miaka kama 298,000, kwa hiyo mbele ya sheria hana wa kumlilia.

Hebu tulitafakari jambo hili. Miaka 1,000 ilichaguliwa kwa hoja kwamba baada ya muda huo hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa marehemu ni babu yake. Hoja hiyo ina nguvu yake, hatuikatai. Mkaazi wa Kabwe wa leo hawezi kutaja nasaba yake mpaka kwa mtu yule, wala si lazima awe wa damu yake. Wataalamu huongeza kwamba kitu cha kale kiasi hicho ni cha wanadamu wote. Vyema. Lakini hatujaona kwa nini kitu kikiwa cha wanadamu wote lazima kikae London. Mbona taya la Heidelberg, nalo ni la wanadamu wote, limebaki Ujerumani? Na kama hakuna mwenye nasaba naye, basi Mwingereza hana haki zaidi ya Mzambia, na kinachobaki ni ardhi alimozikwa na wakati. Ardhi ile ina watu.

Wako pia wanaosema kwamba Afrika haitaweza kulitunza. Neno hili tumelichoka, lakini tulijibu. London yenyewe ilipigwa mabomu 1940 na jumba hilo la Makumbusho likaumia. Na mwaka 2023 British Museum, ndugu yake wa mjini humo humo, ilikiri kwamba vitu kama 2,000 vya hazina yake vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Tunasema tu kwamba moto na mwizi hawana uraia.

Hapa Kenya tuna ushahidi wetu. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata katika kisiwa cha Rusinga fuvu la nyani wa kale sana aitwaye Proconsul, mwenye umri wa kadiri ya miaka milioni 18. Fuvu likapelekwa London kuchunguzwa, na huko likakaa kana kwamba limeolewa. Wakubwa wa Makumbusho wa huko wakadai ni lao. Hati za zamani zilipoonyesha kwamba lilikwenda kwa kuazimwa tu, mwaka 1982 likarudi Nairobi. Limo huko mpaka leo, halikuharibika, na mtaalamu anayetaka kuliona hupanda ndege akaja. Tena huyo aliyekuwa nyani amerudishwa, na mtu bado amezuiliwa! Tofauti yao ni karatasi moja: wa kwetu aliandikiwa azima, wa Kabwe akaandikiwa zawadi.

Na kwa kuwa tumetaja mwanzoni jina lisiloandikwa, tumkumbuke hapa Kamoya Kimeu, Mkenya aliyegundua mwaka 1984 mifupa ya yule kijana wa Turkana, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, mifupa karibu kamili yenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Kimeu alifariki 2022 akijulikana ulimwenguni, na wako wanyama wa kale waliopewa jina lake katika vitabu vya Kilatini. Yule wa Broken Hill alifanya kazi katika shimo lile lile, siku ile ile, na pengine jembe lililoligusa fuvu ni lake.

Kabwe ya leo inajulikana kwa jambo jingine. Mgodi ulifungwa 1994, lakini risasi ilibaki. Imo katika udongo wa viwanja wanamochezea watoto, katika vumbi la nyumba, na ikapimwa katika damu za watoto hao ikaonekana imepita kiasi kwa mbali. Mji huo huhesabiwa miongoni mwa miji iliyochafuliwa zaidi duniani. Madini yaliyofaa kuuzwa yaliuzwa. Fuvu lilikwenda London. Wazambia wakatengenezewa nakala ya kuwaonyesha wanafunzi wao.

Zambia imelipeleka shauri hili mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulika na kurudisha mali za urithi kwa wenyewe, na serikali mbili zimekuwa zikizungumza. Sisi tunaomba jambo moja kwa serikali yetu: isikae kimya katika vikao hivyo ati kwa kuwa fuvu si letu. Wapokomo wa Mto Tana wana ngoma yao tukufu, ngadji, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini na ambayo imewekwa ghalani British Museum tangu 1908. Wazee wameomba irudi. Wanaambiwa sheria ya 1963 hairuhusu, sheria ile ile wanayoambiwa Wazambia. Mlango ni mmoja. Bunge lililoandika miaka 1,000 katika kifungu cha 47 linaweza kuifuta, na mbunge wa Kenya au balozi wa Kenya aliyeko London akiulizwa aseme nini juu ya Kabwe, na aseme tunaloambiwa kila siku barazani, kwamba kikiwa cha mtu kina wenyewe, na wenyewe wamekwisha kuja kukidai.